Nilidhani Mjane ni Kitabu

—mjane wa kweli, shoga! Mwenye macho, mwenye vishimo mashavuni, mwenye kucheka! Wa nyama na damu! Na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu uliosomeshwa mpaka chuo, ndiye niliyemwambia Wino, "Mchukue!"

Usicheke. Ukicheka siendelei.

Haya, cheka kidogo halafu unisikilize, maana nisipokueleza kwanza mambo ya kwetu utasema nimerukwa na akili, na leo sina nguvu za kubishana na mtu.

Duka letu la vitabu unalijua. Usilolijua ni kwamba lilianza na sabuni. Baba yake Babu, ambaye ukoo mzima tunamwita Mzee Sabuni, alikuwa mchuuzi: sabuni za vipande, nyuzi, vifungo, tambi za taa, mzigo begani, nyumba kwa nyumba. Sabuni alizifunga kwa kurasa za kitabu kikuukuu alichokinunua kwa kupima kilo. Kinasema nini hakujua, kusoma kwenyewe hakujua. Siku moja msichana akamkimbiza njiani.

"We mwenye sabuni! Simama!"

"Sabuni ina nini?" Mzee Sabuni roho juu.

"Sabuni haina neno. Nataka ukurasa unaofuata. Yule binti alifungua mlango au hakufungua?"

Basi. Msichana akanunua sabuni mpaka kwao wakaanza kumtilia shaka, maana nguo ni zile zile na sabuni zinajaa uvunguni. Ndiye aliyekuja kuwa mama wa ukoo wetu. Akamfundisha mumewe kusoma, wakafungua duka, sabuni zikarudi nyuma, vitabu vikaja mbele.

Mtoto wao ndiye Babu, marehemu Babu yangu, na hapo ndipo wivu ulipoingia kwenye damu yetu. Babu alizaliwa katikati ya vitabu akavipenda kupita kiasi. Anavipuliza vumbi, anavipangusa kwa kitambaa laini, anaacha chakula kinapoa kwa sababu kuna kitabu hakijalala vizuri kwenye rafu. Bibi wakati huo ndiyo kwanza bibi harusi. Akavumilia, akavumilia, siku moja akashika kiuno.

"Sikuambiwa nakuja uke wenza na wanawake elfu."

"Hivi ni vitabu, mke wangu."

"Hivi? Mbona unavishika kama watu? Basi kuanzia leo ni watu."

Bibi hatanii. Kuanzia siku ile, kitabu kipya ambacho hakijafunguliwa akakiita mwali. Kilichowekwa pembeni kinamsubiri mteja, mchumba. Kilichouzwa kikarudishwa, mtalaka. Na kile cha seti, kama juzuu ya kwanza ipo na ya pili imepotea, au kinyume chake, huyo ni mjane. Tena ngeli aliihamisha vile vile. Watu wengine wote wanasema "kitabu hiki, kichukue." Kwetu ni "huyu, mchukue." Babu alicheka mwezi mzima, halafu akaanza kusema hivyo hivyo. Baba akairithi lugha pamoja na duka, akaongeza madaftari na rula. Ukimsikia anamwambia Mama jikoni, "Leo mtalaka amerudi, wamesema ni mnene mno," usipige mayowe. Ila ni lugha ya ndani. Mbele ya mteja haisemwi kabisa. Mteja tunamwambia kitabu.

Umeelewa? Sasa ndiyo tufike kwa Wino.

Wino ni yule mchapaji wa kiwanda cha kona, mrefu, kucha nyeusi hata siku za kupumzika. Anakuja dukani kwetu kila mara kununua kalamu asizozihitaji. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono, mkono una wino, kwa hiyo kila akicheka anabaki na kidoa juu ya mdomo, na mimi ndiye ninayekifuta. Kile kidoa ni changu, shoga. Hatujaandikishiana, lakini ni changu.

Tatizo, hatukuwahi kutamka. Mimi najua, yeye anajua, Bibi anajua mpaka anakohoa. Mama yake peke yake ndiye hajui, au hataki kujua. Huyo mama aliniona mara moja nikiongea, akamwuliza mwanawe, "Huyu Chiriku anapumua saa ngapi?"

Basi wiki iliyopita nilikuwa juu ya ngazi napanga rafu ya juu kabisa, nimewapa watu mgongo, vumbi hadi kwenye kope. Nikamsikia Wino chini.

"Chiriku, nina jambo."

"Sema, nakusikia."

"Kuna mjane."

Mimi moyo ukaruka! Nikajua kapata juzuu iliyopotelewa na mwenzake.

"Mzuri?" nikauliza.

"Watu wanasema mzuri."

"Hajachakaa?"

"Bado kijana."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Hayupo tena. Tangu mwaka juzi."

"Maskini. Na nani anakupa?"

"Mama. Mama ndiye anayetaka nimchukue. Mimi nimesema sijibu kitu kabla sijakuuliza wewe. Wewe unasemaje?"

Nikaona sifa, ati anakuja kuomba ushauri wa mtaalamu. Nikamjibu bila kugeuka. "Mimi? Mchukue! Unangoja nini? Wajane wazuri hawakai. Ukizubaa atachukuliwa na mwingine, uje kunililia hapa."

"Kweli unasema hivyo?"

"Mchukue leo leo! Na ukishindwa kukaa naye mlete, tutamtafutia mwenzake."

Sikusikia jibu. Nilipogeuka mlango unajifunga. Nikasema moyoni, huyo, anamkimbilia mjane wake kabla hajachukuliwa. Nikaendelea kupanga, tena naimba.

Wino hakuja tena. Siku ya kwanza nikasema kazi nyingi. Ya pili nikasema mafua. Baadaye nikamwona ng'ambo ya barabara, nikampungia, akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Leo asubuhi mlango ukafunguka, akaingia mwanamke.

Ningependa sana kukwambia ni mbaya. Namtafutia kasoro tangu saa ile na sijaipata. Mrefu wa kiasi, kavaa gauni la kijani lililomkaa kama limemwota mwilini, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni kama mkufu. Akamwendea Bibi kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tazama tazama."

Akanigeukia mimi. "Natafuta zawadi, mdogo wangu. Kitabu."

"Cha mtoto au cha mtu mzima?"

"Cha mwanamume." Vishimo vikatokea mashavuni.

"Anapenda nini?"

"Hapo ndipo penye tabu, sijui bado. Ndiyo kwanza tunajuana."

"Basi kazi yake. Tukijua kazi tunajua pa kuanzia."

"Mchapaji. Kiwanda cha kona."

Nikashika rafu. "Wachapaji wako wengi pale."

"Huyu mrefu. Kucha nyeusi hata akitoka kuoga." Akacheka. Kicheko kizuri, Mungu wangu, kama mtu anamwaga shanga kwenye sinia. "Na akicheka anaziba mdomo, basi anajipaka wino hapa, juu ya mdomo. Kama sharubu!"

Shoga, ulishawahi kukanyaga ngazi gizani ukakuta haipo? Ndivyo nilivyoshtuka. Kidoa changu! Kidoa changu kimo kinywani mwa mwanamke mwingine, anakicheka!

"Ulimfuta?" Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbu.

"Nani?"

"Hicho kidoa. Ulimfuta wewe?"

"Aah, nilimpa kitambaa akajifuta mwenyewe."

Nikapumua. Halafu nikageuka, nikachomoa kitabu cha kwanza kilichogusa mkono wangu.

"Chukua hiki. *Ufugaji wa Kuku*."

"Anafuga?"

"Atafuga."

Bibi akaanza kukohoa pale mlangoni. Mwanamke akakifungua, akatazama picha ya jogoo, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliona nimebadilika rangi, maana sauti yake ikawa ya upole.

"Mdogo wangu, nikwambie ukweli, mimi mwenyewe sijui naanzaje. Nilishaolewa, mume wangu alifariki mwaka juzi. Mjane sijui anatakiwa apeleke zawadi gani. Kesho mama yake anakuja kwetu rasmi, nikasema angalau kijana naye apate kitu kutoka kwangu."

Mjane. Mwaka juzi. Mama ndiye anayetaka nimchukue.

Hapo nilianza kuelewa, lakini kichwa kilikataa, kilishika mlango kwa ndani. Yeye akaendelea, masikini, akijua anaongea na mwuza vitabu.

"Tena alikuwa na msichana wake. Hakunificha, na kwa hilo nilimheshimu. Aliniambia alikwenda kwa huyo msichana kabla ya yote, akamweleza habari zangu, akamwomba kauli. Unajua alijibiwa nini?"

"Sitaki kujua," nikasema.

"'Mchukue. Wajane wazuri hawakai. Ukishindwa kukaa naye mlete, tutamtafutia mwenzake.'" Alicheka tena, ila safari hii shanga zilikuwa chache. "Nimesemwa sana tangu nifiwe, lakini huyo alivuka mpaka. Tutamtafutia mwenzake! Kama mimi ni ndala!"

Bibi aliacha kukohoa. Duka zima likanyamaza, wanawali, wachumba, watalaka, wote.

"Chiriku," Bibi akaita taratibu. "Ulimjibu hivyo?"

Mwanamke akageuka kwa Bibi, akageuka kwangu. "Chiriku? Wewe ndiye Chiriku?"

"Nilidhani ni kitabu," nikasema.

"Nani?"

"Wewe."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu mwenye homa. Nilijaribu kueleza nikashindwa, fikiria, mimi! Bibi ndiye aliyeeleza yote, tangu Babu na vumbi lake mpaka juzuu zilizopotelewa na wenzake, na alipomaliza akaongeza, "Kosa ni langu kwa wivu wangu wa ujana, na lake kwa kutogeuka."

Mwanamke alikaa kwenye rundo la madaftari akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya tepu. "Hajachakaa! Aliniambia na hilo uliuliza, nikalia siku nzima! Hajachakaa!"

Nami nikaanza kucheka kwa aibu. Nikadhani yamekwisha. Nikadhani atasema, basi mdogo wangu, chukua mtu wako.

Akaacha kucheka.

"Sasa unataka nikuachie?"

Nikashika ukingo wa rafu.

"Nisikilize. Wewe sina ugomvi nawe, umekosea neno tu. Lakini mimi nimekaa na redio kama mume tangu mwaka juzi. Nimepata mtu anayeuliza nimelalaje na anangoja jibu. Nimwachie kwa sababu ya 'kichukue' na 'mchukue'?"

"Alikuwa wangu kabla!"

"Ulimwambia?"

Nikageukia rafu, nikapanga vitabu vilivyokwisha pangwa.

"Basi nenda ukamwambie. Sitakutangulia, wala sitakuzuia. Akibaki kwangu, usipite dirishani kwangu na jicho hilo ulilonitolea sasa hivi. Akirudi kwako, aje aniambie mwenyewe, ana kwa ana. Asimtume mama yake." Akasimama, akanyoosha gauni. "Na kitabu cha kuku nifungie. Nitafuga."

Nikamfungia. Alipotoka, nilibaki nimesimama natazama lile gauni likivuka barabara, na unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza kwamba amejishonea mwenyewe. Mimi hata kifungo siwezi.

"Umesimama unatazama nini?" Bibi huyo. "Mimi niliposhikwa na wivu nilibadilisha lugha ya nyumba nzima. Wewe unashindwa kwenda hapo kwenye kona?"

Nilikimbia.

Kiwanda cha uchapaji, shoga, ni kelele tupu. Mashine kubwa inatema karatasi, inagonga, inavuta pumzi, inagonga tena. Wino kainama ubavuni mwake, mgongo kwangu. Nikasimama nyuma yake.

"Nilidhani ni kitabu!"

"Nini?" Aligeuka, uso ukafunga kama duka siku ya msiba.

"Kitabu!"

"Vitabu vya risiti havijakauka! Njoo kesho kutwa!"

"Siyo vya risiti! Mjane!"

"Mjane gani?"

Nikavuta pumzi yote niliyonayo. Na fundi wa umeme mmoja pale, sijui ni nani aliyemtuma, akazima mashine wakati ule ule.

"NILIDHANI MJANE NI KITABU!"

Mzee mmoja anayekata karatasi akashusha miwani yake. "Kitabu gani hicho, binti, na mimi nikakinunue?"

Wino alinishika mkono akanivuta hadi chumba cha nyuma wanakoweka marobota ya karatasi. Akafunga mlango. Nikamweleza, mbio mbio, sijui hata kama nilipumua. Nikadhani atacheka, aweke mkono mdomoni, kidoa kitokee, nikifute, yaishe.

Hakucheka.

"Kwa hiyo hukunisikiliza."

"Nilikusikiliza vibaya!"

"Chiriku, siku ile nilikuja nimevaa shati jipya. Uliliona?"

"La... rangi gani?"

"Ndiyo hivyo." Alikaa juu ya robota. "Mama aliponitajia yule dada nilimwambia kuna mtu wangu, subiri nikamwulize. Nilikuja unizuie. Nilitaka neno moja tu, 'usiende.' Njiani nilikuwa naomba useme. Ukanijibu umenipa mgongo, kama mtu anayeuza maandazi. Nikajua mimi kwako ni mteja."

Aliposema hivyo nilitaka kulia. Lakini wivu, shoga, una adabu gani? Ukanitangulia.

"Na wewe je? Juzi tu na jana, tayari mwenzangu anajua unavyocheka! Anajua habari ya mkono na wino!"

"Nilicheka mara moja."

"Hiyo moja ilikuwa yangu!"

"Ulitaka nimwombe ruhusa kwako?"

"Alikuchekesha nini?"

"Alinisimulia mteja wake, alikuja kupimwa suruali akabana tumbo, siku ya kuichukua akawa ameliachia."

"Na inachekesha?"

Akafikiri. "Inachekesha."

"Usinisimulie tena. Na kitambaa alichokupa kiko wapi?"

"Chiriku."

"Kiko wapi?"

Akakitoa mfukoni. Kidogo, cheupe, kimepindwa pindo kwa mkono, kina doa jeusi katikati. Nilikitazama kama nyoka. Amekitunza! Mimi nilimfuta midomo kwa vitambaa vyangu mwaka mzima, hakuna hata kimoja alichotunza, kwa sababu nilikuwa naondoka navyo mwenyewe.

"Nilitaka kukifua nimrudishie," akasema.

"Mrudishie hivyo hivyo."

"Unanigombeza kwa kitambaa, na wewe ndiye uliyesema mchukue?" Sasa na yeye alisimama. "Nieleze kitu kimoja. Hiyo lugha yenu. Umesema hamuisemi mbele ya mteja."

"Hatuisemi."

"Mgeni je?"

"Hata mgeni. Hata binamu wa mbali."

"Sasa mimi sijawahi kuisikia. Ningejuaje? Mbona ulinisemesha nayo mimi, mtu wa nje?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na jibu likanijia mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza, haki ya Mungu, ndipo na mimi nilipolijua.

"Nilisahau kwamba wewe ni wa nje."

Akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Mteja ningemwambia kitabu. Ningegeuka, ningeshuka, ningesema karibu. Wewe nilikujibu kama ninavyomjibu Baba, kama ninavyomjibu Bibi. Sikukuona mteja, Wino. Nilishakuona wa ndani siku nyingi, nikasahau tu kukwambia kwamba umeingia."

Nje ya mlango mashine iliwashwa, ikaanza kugonga polepole. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Macho yake yalipita usoni mwangu taratibu kama anavyosoma kurasa za kwanza kabla ya kuruhusu kazi ichapwe, anatafuta kosa, na mimi nikasimama wima nisiwe na kosa.

"Basi niambie sasa," akasema. "Nakuomba, kwa lugha ya watu wote."

Mimi ambaye huwa nakosa pa kuweka maneno, nilikuwa sina hata moja. Nikahangaika.

"Usimchukue."

"Na nini tena?"

"Nakupenda."

Ndiyo hayo tu, shoga. Masomo yote yale.

Alifumba macho. Alipoyafumbua alivua aproni yake, akaenda kwenye sinki, akaanza kunawa kwa mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Sijawahi kumwona akinawa saa za kazi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwake."

Nikaziba mlango kwa mgongo.

"Kumwambia mwenyewe," akasema. "Hajanikosea kitu. Hawezi kuambiwa na mama yangu."

"Nakuja."

"Utabaki nje."

"Nitabaki nje. Nitabaki nje kabisa. Karibu na mlango."

"Ng'ambo ya barabara, Chiriku."

Nikabaki ng'ambo ya barabara. Duka lake la ushonaji lina dirisha kubwa la kioo, kila kitu kinaonekana na hakuna kinachosikika. Adhabu gani hiyo kwa mtu kama mimi? Alikuwa mezani anakata kitambaa cha bluu. Wino akaingia, akasimama, mikono nyuma. Nikaona midomo yake inatembea. Mwanamke hakuacha kukata. Mkasi ulikwenda mpaka mwisho wa kitambaa, sawasawa, bila kupinda, ndipo akauweka mezani.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia kile kicheko, na hakikuja. Aliinamisha uso kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Na mimi pale barabarani nikajiona nimepata ushindi wenye uchungu, sijui kama unanielewa. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Wino akatoa kitambaa kile cheupe, akakiweka mezani. Mwanamke akakichukua, akazunguka meza, akamsogelea. Karibu. Karibu sana! Nikashuka mguu mmoja kutoka kwenye ukingo wa barabara. Akanyoosha mkono, akaondoa uzi mmoja wa bluu begani kwa Wino, uzi sijui uliruka saa ngapi, akamwinamia sikioni akasema kitu. Kifupi. Wino akatikisa kichwa kukubali, taratibu, na akabaki amesimama kwa muda kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito.

Halafu akatoka, akavuka, akanishika mkono mbele ya barabara nzima. Mkono wake ulinuka mafuta ya taa. Sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile.

"Twende kwa Mama," akasema. "Leo, kabla sijaogopa."

"Alikwambia nini?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo. Yule. Sikioni."

"Hilo ni langu na lake, Chiriku. Mengine yote yangu utayajua. Hilo liache."

Nikaliacha. Mimi! Nilinyamaza njia nzima hadi kwa mama yake, na mama yake aliponiona nimenyamaza alishtuka kuliko kama angenikuta napiga kelele. Yaliyotokea pale ukumbini nitakusimulia kesho, uje na muda wa kutosha, maana yule mama alivyosimama na alivyosema yanahitaji nikuigizie. Leo niache nikae hapa. Leo nimempata mtu wangu, na badala ya kulala kwa raha namjaribishia yule mwanamke maneno kinywani, moja moja: alimwambia nini?